Kaseti ya Mama na Joto Lisilokuwepo

Baba aliileta kaseti Tabora mjini ndani ya mkebe wa majani ya chai, ameizungushia kitambaa kama mtu aliyebeba yai la kuatamisha. Alishuka kwenye basi la Ulyankulu asubuhi na kuja moja kwa moja studioni ninapofanya kazi. Hakunywa maji wala hakupitia kwa ndugu zetu wa mtaa wa Ng'ambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hii hapa. Usiiguse kwa mikono ya maji."

Mama aliondoka nikiwa darasa la pili. Ilikuwa kipindi kile watu wa kwetu, wakimbizi wa Burundi tulioishi Ulyankulu, walipoulizwa nani anabaki Tanzania na nani anarudi Burundi. Wazazi wa mama walikuwa wazee, walitaka kuzikwa kwenye kilima walichozaliwa, na yeye ndiye mtoto pekee waliyebaki naye. Baba alikuwa na shamba la tumbaku, bani jipya la kukaushia, na mama yake mwenyewe mgonjwa kitandani. Walikubaliana kwamba mama awapeleke wazee wake, akae nao mpaka watulie, kisha arudi. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Watu waliotoka huko walisema wamemwona sokoni, wengine wakasema amehama mkoa. Baba hakuoa tena, wala hakusema kwamba anasubiri.

Uso wa mama ninao, kwa sababu kuna picha ya ubatizo wangu. Sauti yake nilikuwa nayo mpaka hivi karibuni. Halafu nikagundua kwamba nikijaribu kuisikia kichwani inakuja sauti ya shangazi. Nilimpigia baba nikamuuliza kama ile kaseti ya kwaya ya parokia bado ipo. Akasema ipo, juu ya dari, ndani ya mkebe. Upande wa pili kulikuwa na wimbo ambao mama aliuongoza peke yake.

Mwenye studio ni mwanamume wa Tura. Alikulia jirani na stesheni, na mpaka leo anaongea kama mtu anayeshindana na treni. Mimi humwita Fundi. Yeye huniita Tumbaku. Tunarekodi kwaya, tunaingiza nyimbo kwenye simu za watu, tunapiga picha za pasipoti, na kaseti za zamani tunazihamishia kwenye kompyuta. Ndiyo maana nilijua kazi ile inawezekana.

Fundi alifungua kifuniko, akavuta utepe kidogo kwa ncha ya kalamu, akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Vidole vyake vilibaki na unga wa kahawia.

"Mzee, sikufichi. Huu utepe umechoka. Kila tukiupitisha, sauti inabaki kwenye kichwa cha redio, pale panaposoma utepe. Tuupige mara moja. Tukibahatika, mara mbili."

"Mara moja inatosha," baba akasema. "Sisi tunataka wimbo mmoja."

Tulianza. Baba alikaa kwenye stuli, kofia yake magotini. Kompyuta ilikuwa inapokea sauti kutoka kwenye redio, inaisafisha mkwaruzo hapohapo na kutupigia kwenye spika. Zilipita nyimbo ambazo nilikuwa nimezisahau na nikagundua kwamba midomo yangu inazijua. Kisha ngoma ikapigwa taratibu, kwaya ikanyamaza, mwanamke mmoja akaanza. Aliimba maneno machache tu. Kioo kikawa cheusi na spika zikanyamaza.

Umeme ulikuwepo, taa ilikuwa inawaka. Redio nayo ilikuwa bado inazunguka, inaupitisha ule utepe, mama anaimba na hakuna mtu anayemsikia. Fundi aliruka kuizima, akaangusha kikombe.

"Nini?" baba akauliza.

"Kompyuta imejizima. Joto."

Hapo lazima nieleze. Kompyuta ya kwanza ya Fundi iliungua Oktoba moja, joto la Tabora likiwa limefika lile linalofanya mabati yalie. Prosesa, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ilipata moto mpaka ikafa, na nyimbo za watu zikafa nayo. Alipopata hii ya sasa, Fundi aliiwekea programu ndogo anayoiita mlinzi. Prosesa ikivuka nyuzijoto themanini, mlinzi anazima kompyuta bila kuuliza. Muda mfupi kabla baba hajaja, Fundi alikuwa amenunua prosesa nyingine iliyotumika, yenye nguvu kuliko iliyokuwemo, kutoka Dar. Ilifungwa vizuri na ilifanya kazi vizuri, ila namba ya joto ilikuwa juu muda wote, na mlinzi hakuwa anapata usingizi.

Baba aliinama akaitazama ile namba baada ya kompyuta kuwashwa tena. Yeye ni mtu wa bani. Maisha yake yote, msimu wa kukausha ukifika, huning'iniza kipimajoto ndani ya bani na kukitii. Kikisema moto umezidi anavuta kuni nje, kikisema umepungua anasogeza kuni ndani. Mkulima anayebishana na kipimajoto huvuna majani meusi, na mwaka wake unakuwa umeisha hapo. Sisi watoto wake tumekua tukijua kwamba namba ya joto haijadiliwi.

"Hili ni bani," baba akasema. "Mnalifungia hewa. Fungueni chini kwanza, halafu juu. Msifungue kwa mpigo, litashtuka."

"Mzee, hii ni mashine, siyo jani," Fundi akasema.

"Joto ni joto."

Baba alirudi Ulyankulu akatuachia kaseti, nasi tukaigeuza ile kompyuta kuwa bani. Tulitoa ubavu mmoja wa kasha. Tuliinua miguu yake juu ya matofali ili hewa iingie kwa chini. Nilining'iniza gunia lililolowa dirishani. Fundi alipaka upya ile dawa nyeupe ya kupitisha joto kati ya prosesa na pande la chuma linaloipoza, akaongeza feni ya pili, na ya tatu aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Kelele ikawa ya kinu cha kusaga. Wateja walikuwa wanapiga kelele mlangoni ili tuwasikie.

"Tumbaku, jamaa zako wameanza kukausha humu?" kinyozi wa jirani aliuliza. "Naona gunia, naona matofali, bado kuni."

Namba ilishuka kidogo. Kila tulipojaribu, tulijaribu kwa kaseti ya harusi ya mtu ambaye hakuirudia, ili ya mama isiguswe. Kila mara, kazi ya kusafisha sauti ikipamba moto, namba ilipanda ikavuka, kioo kikawa cheusi. Jioni baba alikuwa anapiga simu.

"Bani limepoa?"

"Bado, baba."

"Mmefungua juu?"

"Tumefungua."

"Haya." Na simu inakatwa.

Mimi si mwepesi wa kuomba. Nilikaa na ombi langu mpaka likaniuma, ndipo nikamwambia Fundi wakati anakula karanga, maana akila huwa anasikiliza.

"Fundi, mzime mlinzi. Wimbo mmoja tu."

Aliacha kutafuna. "Ile ya kwanza ilinifia nikiwa nakunywa chai hapohapo ulipokaa. Nilisikia harufu nikadhani jirani anachoma plastiki. Hii ikiungua, mimi na wewe tutauza maji ya chupa kwa abiria wa treni. Mimi nina uzoefu, nimekulia kazi hiyo. Wewe na aibu zako nani atanunua kwako?"

"Ni dakika chache."

"Ile nayo ilikuwa dakika chache." Kisha akashusha sauti, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. "Siyo kwamba sitaki umsikie mama yako."

Nilijua kwamba hataki kunikatalia, na kwamba ana haki. Ndiyo ikawa ngumu zaidi. Tulijaribu kurekodi ile kaseti ya harusi kwa simu iliyowekwa mbele ya spika ya redio, ikaingia na mvumo wa mota na kicheko cha kinyozi. Kompyuta nyingine ya pale ni ya kuchapisha tu, tundu lake la sauti limekufa, na programu yetu ya kurekodi haikubali kupokea sauti bila kuisafisha. Kaseti ya mama ilibaki ndani ya mkebe kwenye kabati, na mimi kila nikipita nilikuwa naugusa mkebe.

Ilikuwa Juni. Asubuhi za Juni Tabora zina baridi ambayo wageni hawaitegemei. Maji ya ndoo yanauma vidole, na wanaoelekea stesheni hujifunika vitenge mpaka kichwani. Siku hiyo nilifungua studio mapema nikiwa na sweta juu ya sweta. Nilifagia, nikawasha kompyuta, nikaangalia namba kwa mazoea, kama mtu anavyoangalia saa.

Ilisema hamsini na kitu.

Nilisimama na ufagio wangu. Kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza imeamka. Chumba kilikuwa na baridi, ukuta ulikuwa na baridi. Kwa kuwa ubavu wa kasha ulikuwa wazi, niliingiza mkono nikagusa pande la chuma lililokaa juu ya prosesa. Lilikuwa baridi kama mtungi. Kitu kilicholala kwenye baridi usiku mzima hakiwezi kuamka na homa ya namna hiyo.

Nilifikiri nimekosea. Nikazima, nikaisubiri, nikaiwasha tena, lakini safari hii nikaingia kwenye ukurasa wa mwanzo kabisa, ule unaokuja kabla programu hazijaamka, ambapo ubao wa kompyuta wenyewe unaonyesha hali yake. Pale joto lilikuwa ishirini na kitu. Nikaiacha ikaamka mpaka mwisho: hamsini na kitu tena. Mchana, chumba kikiwa kimepata joto, nikarudia. Namba zote mbili zilikuwa zimepanda, ila umbali kati yake ulikuwa uleule. Jioni ulikuwa uleule. Kitu kilikuwa kinaongezwa juu ya joto la kweli, na hakikubadilika kwa jua wala kwa kazi.

Sikumwambia Fundi siku hiyo. Sikujua nianze na neno gani. Badala yake nilifungua kwa simu ukurasa wa mtandaoni ambapo mafundi wa dunia nzima huulizana, nikaandika swali langu kwa Kiswahili, nikaliweka kwenye programu ya kutafsiri, nikalifuta, nikaliandika upya. Kwangu kuandika ni kama kupanda tumbaku, unainama kwa kila mche. Nilipolituma nikageuza simu kifudifudi mezani.

Wa kwanza kujibu aliniambia nifute vumbi. Nilikuwa nimefuta vumbi mpaka kasha likawa linang'aa. Wa pili akauliza jina kamili la prosesa na toleo la mfumo wetu, na akauliza: ikiwa baridi kabisa, inasoma ngapi? Nilifurahi kuulizwa swali ambalo tayari nilikuwa na jibu lake. Nikamjibu.

Akanieleza. Kati ya prosesa na programu nyingine kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Kazi ya ile ya joto ni kwenda kuuliza prosesa ina nyuzi ngapi na kurudi na jibu. Sasa, prosesa za ukoo ule hazitaji joto lao halisi. Waliozitengeneza wamezifanya zitaje namba ya juu zaidi, kwa makusudi, ili feni ziamke mapema. Draiva inajua hilo, na ina orodha ya prosesa za namna hiyo na kiasi cha kupunguza kwa kila moja. Ila draiva yetu ilikuwa ya zamani, na prosesa yetu haikuwa kwenye orodha. Kwa hiyo ilikuwa inaleta ile namba ya kuamshia feni na kutukabidhi kama joto. Dawa ni mbili: kuleta toleo jipya, au kuandika mstari mmoja kwenye mipangilio unaosema punguza kiasi fulani. Mwishoni akaandika: usiniamini mimi, pima kwanza.

Nilimsubiri Fundi amalize mteja.

"Fundi, ile namba siyo ya kweli."

"Namba gani?"

"Ya joto. Prosesa inataja zaidi ya ilivyo. Na draiva haipunguzi."

Alinitazama. "Yaani prosesa inatia chumvi?"

"Inatia chumvi ili feni ziwahi."

"Kama mama mkwe wangu! Akikohoa mara moja anaaga ukoo mzima." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na mimi niamini hivyohivyo? Kwa maneno ya mtu wa kwenye simu?"

"Hata yeye kasema usimwamini. Gusa pande la chuma."

Akagusa, na kompyuta ilikuwa imefanya kazi tangu asubuhi. Lilikuwa vuguvugu. Akauweka mkono pale muda mrefu, uso wake unabadilika. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alitoa mita yake ya umeme, ile yenye waya mwembamba wa kupimia joto, akaubana ule waya kwenye shina la pande la chuma kwa utepe wa gundi, karibu kabisa na prosesa. Tukaipa kompyuta kazi nzito, naye akawa ameshika swichi mkononi, tayari kuzima. Mita ilipanda mpaka arobaini na kitu ikatulia. Kwenye kioo namba ilikuwa inakaribia themanini.

"Ndani patazidi hapa nje," akasema taratibu. "Lazima pazidi kidogo. Lakini siyo hivi. Ingekuwa hivi mkono wangu ungekuwa umeungua." Akaangalia gunia la dirishani. "Na sisi tumeikaushia tumbaku!"

Niliandika ule mstari. Niliandika, nikausoma, nikausoma tena, nikaanzisha upya. Namba ilirudi ikiwa chini, sawa na ile ya ukurasa wa mwanzo. Niliuliza kama sasa tumzime mlinzi.

"Hapana, mlinzi abaki. Kosa halikuwa lake, alikuwa analetewa habari za uongo."

Kaseti ya harusi ilipita mpaka mwisho, na vigelegele vyote. Nikampigia baba.

"Bani limepoa," nikamwambia.

Alikuja na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na chupa ya asali kwa ajili ya Fundi, na alikuwa amevaa shati la kanisani. Fundi alisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akakisafisha tena. Tuliomba kinyozi azime mashine yake, akakubali, akaja kusimama mlangoni, wembe mkononi. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta na sikuweza kuacha kuitazama namba. Ilipanda, ikatulia, ikakaa.

Zile nyimbo za mwanzo zikapita. Ngoma ikapigwa taratibu, kwaya ikanyamaza. Kabla ya kuanza, mama alivuta pumzi, na pumzi ile niliijua kabla ya sauti. Ndivyo alivyokuwa anavuta akisimama mlangoni kutuita kutoka shambani. Kisha akaimba.

Nilikuwa nimesubiri sauti ya mama, na aliyekuwa anaimba alikuwa binti. Alikuwa wa rika langu, labda ananizidi kidogo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye haraka, kama mtu anayetaka kumaliza aende kucheza. Sikuwa nimefikiria hilo hata mara moja. Miaka yote nilikuwa namtamani mtu mzima anipokee, na huyu kwenye spika angeweza kuwa rafiki yangu tunayesuka naye nywele. Nililia bila kutoa sauti kwa sababu maikrofoni za studio zimenizoeza hivyo, ingawa siku hiyo hakuna iliyokuwa imewashwa.

Wimbo uliisha. Wimbo uliofuata ulipoanza, utepe ulilia kama bawaba kavu, ukajikunja ndani ya redio ukakatika. Fundi alishika kichwa. Baba wala hakugeuka.

"Umeingia?" akauliza.

"Umeingia wote, baba."

"Rudisha."

Nikarudisha. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono wake unapiga goti. Katikati akainua kidole.

"Hapo kakosea."

"Wapi?"

"Ameruka ubeti wa pili, kaingia wa tatu. Kila Jumapili alikuwa anakosea hapohapo, na kwaya nzima inamfuata. Mwalimu anakunja uso, na yeye anasema wa tatu ndio mtamu, kwa nini watu wasubiri?"

Fundi alicheka kwa nguvu zake zote za treni, na baba naye akacheka, jambo ambalo nimeliona mara chache sana. Kisha, bado anatabasamu, akaanza kuimba ule ubeti ulioachwa, kwa Kirundi, kwa sauti ndogo ya mtu anayejikumbusha. Sikuwa nimewahi kuusikia. Ulikuwa unasema juu ya mtu aliyetangulia kuvuka mto akasimama ng'ambo. Alifika katikati akapunguza, akarudia neno moja, akasimama.

Tulisubiri. Kompyuta ilikuwa inavuma kidogo.

"Kinachofuata sikijui," akasema. Alizungusha kofia mikononi, akaitazama spika. "Hapo itabidi aulizwe mwenyewe."

Fundi alitoka kwenda kutafuta chai bila kutumwa, akamvuta na kinyozi, mlango ukabaki wazi. Baba akaniomba nirudishe tena mwanzo, nami nikarudisha.